Barua Iliyobaki Kwenye Kioo

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, chumba cha nyuma ya mapokezi, Jumanne tarehe 14, kuanzia saa 12:10 jioni

Jina: Limeingizwa kwenye daftari la kituo. Kazini huitwa Mama Mashine.
Umri: Miaka 51
Kazi: Muuguzi bingwa mwandamizi, kitengo cha kutenganisha damu, hospitali kuu
Makazi: Nyumba za watumishi wa hospitali, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na tangi la maji
Uhusiano na mtuhumiwa: Si ndugu. Shahidi ameomba iongezwe kwamba leo damu yote ya mtuhumiwa imepita kwenye mashine yake mara tatu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na saba, na kumi na tano ya mwisho nimeifanya kwenye mashine za kutenganisha damu. Kabla sijaendelea, naomba Sajenti aandike kwamba sindano mbili zilizo kwenye friji ya kituo hiki zinatakiwa kuchomwa leo saa moja kamili jioni, na kwamba sasa hivi ni saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Sajenti amesema, "Tutaona." Naomba na hiyo tutaona iandikwe.

Sajenti ameuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana hajawahi kuisikia. Wengi hawajaisikia, hata pale pale hospitalini kuna watu wanadhani natunza jenereta. Ni hivi. Mtu analala kitandani, namwekea sindano mkono huu na nyingine mkono ule. Damu inatoka huku, inaingia kwenye mashine, inazungushwa kwa kasi mpaka inajipanga matabaka. Halafu naengua tabaka ninalolitaka, kama unavyoengua malai juu ya maziwa, na yote yaliyobaki yanarudi mwilini kupitia mkono wa pili. Wagonjwa wengine nawaondolea kilichozidi. Wengine nawabadilishia maji ya damu yaliyoharibika. Na wapo ambao si wagonjwa hata kidogo, ni watu wazima wa afya waliokuja kumtolea ndugu yao. Wanasema damu nzito kuliko maji. Mimi nakubali, na ukitaka nakupa tofauti kwa gramu. Naipenda kazi hii. Sijawahi kuamka asubuhi nikatamani nyingine, hata siku mbaya, na leo mpaka saa kumi alasiri haikuwa siku mbaya.

Mtuhumiwa nitamwita Seremala, kwa sababu ndiyo kazi yake na ndivyo tunavyomwita kitengoni. Amekubali mbele ya Sajenti nieleze habari zake. Asingekubali nisingesema neno, hata mngeniweka mahabusu pamoja naye.

Seremala ana dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi. Huyo tunamwita Mwalimu. Mama yao alifariki Seremala akiwa na miaka mitatu, dada ndiye aliyemlea. Mwalimu amelazwa ghorofa ya tano kwenye chumba cha kioo, ana ugonjwa wa damu. Hilo humwambia yeye mwenyewe kila anayemsalimia, kwa hiyo hapo sijatoboa siri. Wiki iliyopita alipewa dawa kali iliyounguza uloto wake wote, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, mbovu na mzima, ili apandikizwe mbegu mpya za damu kutoka kwa mdogo wake. Hapa naomba Sajenti aandike polepole. Dawa hiyo ikishaingia hakuna kurudi nyuma. Sasa hivi mwili wa Mwalimu hautengenezi damu. Asipopata mbegu za kutosha za mdogo wake, atakufa. Nimesema hivyo waziwazi kwa kuwa Sajenti ameniuliza kwa nini jambo hili lisingoje mkuu wa kituo afike kesho mchana.

Mbegu hizo hukaa ndani ya mifupa. Ili zitoke ziingie kwenye damu, mtoaji huchomwa sindano tumboni kila jioni kwa siku nne. Hiyo dawa inauma mifupa. Mtu anatembea amejikunja utadhani alipakua saruji tangu alfajiri. Seremala amekuwa akichomwa na tabibu wa zahanati iliyo karibu na karakana yake, sindano mbili kila jioni. Ndiyo maana ana alama nane tumboni. Konstebo wa kituo hiki alizihesabu, akaandika nane, na hesabu yake ni sahihi.

Leo, saa 1:40 asubuhi, Seremala alifika kitengoni. Ni mwanamume mwenye kilo mia moja na tisa, anabeba mlango wa mninga peke yake begani, na anaogopa sindano kuliko mtu yeyote niliyewahi kumchoma. Alianza kutoka jasho akiwa bado mlangoni.

"Sista, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote?" akaniuliza.

"Ndogo zaidi ninayo. Ila kwa hiyo tutamaliza mwezi ujao."

"Basi nihesabie mpaka tatu."

Nikamwambia sawa. Nikahesabu moja, nikachoma. Miaka yote hii sijawahi kufika tatu, wala sitafika.

Saa 2:35 mashine ilianza kuzunguka. Tangu hapo mpaka saa 7:40 mchana Seremala hakuinuka kitandani, mikono yote miwili imenyooshwa. Kila robo saa niliandika mapigo na shinikizo la damu, karatasi yenyewe nimekuja nayo na Sajenti ameiona. Alipowashwa pua nilimkuna mimi. Haimo kwenye mkataba wangu lakini ni kazi yangu. Saa 4:15 midomo yake ilianza kufa ganzi. Hiyo husababishwa na dawa tunayoweka ili damu isigande ndani ya mipira ya mashine, inashusha kalsiamu mwilini. Nikampa kalsiamu, akatulia, ingawa kwa watu wengine ganzi ile hurudi kidogo hata baada ya kutoka. Ndiyo maana askari walimkuta akisugua midomo.

Sasa nafika kwenye kosa, na kosa ni langu.

Kitengoni kwetu kuna sheria moja inayosema sindano haivuki mlango bila barua. Mtoaji akipewa dawa ya kwenda kuchomwa nyumbani, anapewa na barua yenye mhuri inayosema yeye ni nani, amebeba nini na kwa nini. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe miaka sita iliyopita. Nimeibandika mlangoni kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kitandani. Wauguzi wangu wakiisahau huwa nawasema mpaka wanatamani kuhamishwa.

Saa 5:00 asubuhi niliandika barua ya Seremala, nikaweka sahihi, mhuri na namba yangu ya usajili, nikaibana kwenye ubao wa karatasi kando ya kitanda chake. Saa 5:20 Seremala akaniambia anataka kumwandikia dada yake maneno mawili matatu. Hajaingia kumwona tangu dawa kali ianze, maana chumba kile hakiingiwi ovyo. Simu nayo Mwalimu hataki, anasema inampa kichefuchefu.

"Utaandika kwa kidole gani?" nikamuuliza, maana mikono yote ilikuwa kwenye mashine.

"Chako, Sista. Mimi natoa maneno."

Nikavuta karatasi iliyokuwa juu ya ubao, nikaigeuza, nikaandika. Alisema taratibu, nikaandika taratibu. Nilimfuta macho kwa kuwa yeye hakuwa na mkono, na yangu nikajifuta kwa bega. Mama wa usafi alikuwa anapanda ghorofa ya tano na ndoo yake, nikampa ile karatasi apeleke. Nilikuwa na furaha. Mashine inakwenda vizuri, mishipa haijasumbua, mtu mzima analilia dada yake. Sikukumbuka kabisa nyuma ya karatasi kuna nini.

Saa 7:40 mashine ilisimama. Nikatoa sindano, nikambandika plasta mikono yote miwili na kukunja ncha ya kila moja ili aweze kuibandua bila kuhangaika na kucha. Konstebo anaweza kuangalia, plasta zenye ncha iliyokunjwa ni zangu. Mfuko wa mbegu ulijaa vizuri, rangi ya nyanya iliyosagwa, nikaupeleka maabara kwa mikono yangu.

Saa 8:40 mchana nilimpa Seremala kimfuko chenye barafu na sindano mbili. Nikamwambia, "Hesabu ya maabara bado. Ikitosha nitakupigia, hizi utanirudishia. Isipotosha, tabibu wako akuchome saa moja kamili leo jioni, na kesho saa mbili asubuhi uwe hapa." Dawa hii ina saa zake. Ukichelewa kuichoma, kesho mbegu zinakuwa hazijatoka mifupani na mashine itazunguka bure. Nikamkata utepe wenye jina mkononi kwa kuwa alisema unambana. Nikamsindikiza mpaka kwenye lifti. Barua haikunijia hata kwenye ndoto. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo siombi pole.

Saa 10:20 alasiri maabara walinipa jibu. Tulihitaji nne kwa kipimo chetu, tulipata mbili na nusu. Si haba kwa siku ya kwanza, lakini haitoshi kumpandikiza mtu. Saa 10:25 nikapiga simu ya Seremala. Ikapokelewa, nami sikungoja salamu.

"Seremala, haikutosha. Kachomwe nyingine."

Sauti ikajibu, "Hapa ni kituo cha polisi. Kachomwe nini?"

Nakubali haikuwa njia nzuri ya kuanza mazungumzo. Naona maneno yangu yameandikwa kwenye kitabu cha matukio kama ushahidi dhidi ya mtuhumiwa. Ni maneno yangu, siyakani.

Aliyepokea ni Konstebo. Akanieleza kwamba saa 9:30 alasiri askari wa doria walimkuta mtu kituo cha basi amejikunja, ameegemea nguzo, anasugua midomo na kujibu kwa kumung'unya. Mikono yote ina matundu mabichi, tumbo lina alama, na kwenye mfuko kuna sindano mbili zenye dawa. Alipoulizwa za nini, alisema ni za dada yake. Alipoulizwa kama dada yake anajidunga, alisema hapana, anayedungwa ni yeye. Nimeyatafakari hayo njiani nikija hapa. Ningekuwa mimi ndiye askari, ningemkamata pia.

Nilimuuliza Konstebo sindano ziko wapi. Akasema ziko mezani, dirishani, kama kielelezo. Nikamwambia aziweke kwenye friji haraka, chini, zisiguse barafu. Nilipandisha sauti. Naomba radhi kwa sauti, si kwa maneno. Baada ya dakika nilisikia mlango wa friji, na Konstebo akaniambia amezipanga kando ya maziwa ya Sajenti.

Ndipo nilipoitafuta ile barua nimletee Sajenti. Ubao ulikuwa mtupu. Ndipo nikakumbuka ni karatasi gani niliyoigeuza saa 5:20. Nikamtafuta mama wa usafi.

"Ile karatasi uliyonipa? Iko juu, wameibandika kwenye kioo cha Mwalimu," akasema. "Tangu saa sita hataki iondolewe."

Saa 10:50 nilifika ghorofa ya tano. Walikuwa wameibandika kwa nje ya kioo, maneno ya Seremala yakiangalia ndani ili Mwalimu ayasome akiwa kitandani. Upande wa barua ulikuwa unaangalia korido. Mchana kutwa kila aliyepita alisoma kwamba mwenye barua hii ameruhusiwa kubeba sindano mbili, na mwenye barua alikuwa mahabusu kwa kukosa barua. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika pembe ya karatasi.

Mwalimu alikuwa ameegemea mto, kichwa hakina unywele hata mmoja, anasoma. Karatasi ameshakaa nayo saa tano, na bado alikuwa anaisoma. Akaniona. Akaniinulia kidole gumba, akacheka mpaka nikayaona meno, na mwanamke yule hajacheka tangu wiki iliyopita. Ningebandua angeuliza kwa nini. Ningemdanganya angejua, ni mwalimu, amezoea kudanganywa na watoto arobaini kwa siku. Ningemwambia ukweli, usiku asingelala, na mwili ule hauna akiba ya kupoteza usingizi.

Nikaiachia pembe ya karatasi. Nikampungia mkono, nikashuka kwa ngazi. Kuandika nyingine mtu akiwa ameshakamatwa ingeonekana ni ya kughushi. Nikajiambia, basi, barua nitakuwa mimi mwenyewe. Daktari wetu nilimpigia nikiwa kwenye ngazi, akasema niende.

Saa 11:50 jioni nilifika kituoni. Seremala alikuwa kwenye benchi, ameshika kichwa. Aliponiona alisema, "Sista, saa ngapi?" Hakuuliza kingine. Nikamwambia muda upo.

Sajenti aliniomba hati. Nikamwambia iko kwenye kioo cha mgonjwa na siwezi kuibandua. Akasema ana miaka ishirini na mbili kazini, amesikia sababu za kila namna, lakini hiyo ni mpya. Ila nitasema haki. Hakuchukua namba niliyompa, alitafuta mwenyewe namba kuu ya hospitali, akaomba aunganishwe ghorofa ya tano. Muuguzi wa zamu akatoka koridoni na kumsomea barua yote kwa simu, mpaka namba ya usajili, tarakimu moja moja. Sajenti akailinganisha na kitambulisho changu, ikawa ndiyo.

Konstebo akasema barua inaweza kuwa ya kweli na bado mtu akawa mtumiaji, atajuaje? Nikamwambia damu ya mtoaji tunaipima kwa kila kitu kinachopimika kabla hajalala kwenye kitanda changu. Kama hilo halitoshi, achukue sindano moja kwenye friji amwonyeshe tu. Konstebo akaichukua, akaishika mbele ya Seremala. Seremala akageukia ukutani, akaomba maji. Konstebo akairudisha kwenye friji bila swali lingine.

Halafu Sajenti aliniuliza swali ambalo halihusu upelelezi, na amekubali niliandikishe. Aliuliza upande wa pili wa barua pameandikwa nini. Nikamtazama Seremala, akasema, "Mwambie tu." Mwandiko ni wangu, kwa hiyo maneno nayakumbuka. Yeye alisema hivi:

"Dada, leo nimechomwa mikono yote miwili na nimekwenda bila kushikwa mkono. Nilipokuwa mdogo kila ukinipeleka kwa sindano uliniambia haiumi, na kila mara ulikuwa muongo. Leo zamu yangu. Haikuuma."

Sajenti aliweka kalamu chini kwa muda. Alipoichukua tena, ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Nimesomewa maelezo haya. Nimesahihisha mahali pamoja, Sajenti alikuwa ameandika kwamba Seremala ana kilo mia moja na tisini. Ni mia moja na tisa. Seremala mwenyewe alidai isahihishwe, kutoka kwenye benchi. Naongeza kwamba simlaumu askari yeyote wa kituo hiki. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya mtu yeyote, nitakaa na wauguzi wangu chini ya ile sheria iliyo mlangoni, niwaeleze nani ameivunja. Nawajua, watafurahi sana.

Hayo ndiyo niliyoyafanya, niliyoyaona na niliyoyasahau. Nimeyasema kwa hiari yangu na niko tayari kuyarudia mbele ya yeyote, siku yoyote, isipokuwa kesho kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, maana nitakuwa na mtu kwenye mashine.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Saa 12:51 jioni

MAANDISHI YA OFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi, Sajenti wa zamu, na kumsomea shahidi, akayathibitisha. Nimeridhika kwamba hakuna kosa lililotendeka. Mtuhumiwa ameachiwa saa 12:55 jioni. Gari la doria litampitia nyumbani kesho saa 1:15 asubuhi na kumfikisha hospitali.

Kielelezo A, sindano mbili zenye dawa, hakipo tena. Saa 1:00 kamili jioni shahidi alimchoma aliyekuwa mtuhumiwa zote mbili tumboni, kwenye benchi la mapokezi, mbele yangu. Shahidi aliahidi kuhesabu mpaka tatu. Alihesabu moja. Konstebo alikuwa ametoka nje kwa hiari yake.

Nilimuuliza aliyekuwa mtuhumiwa kama imeuma. Alikuwa bado amefumba macho na ameshika mkono wa shahidi. Amejibu kwamba haikuuma.

Sajenti wa zamu (sahihi na mhuri)